Unataka Samaki wa Kufuga Kejani Kisumu? Achana na Fulu Kwanza, Anza na Gapi

Samaki wa kula, msee wa Kisumu huwezi mdanganya. Ngege, mbuta, mumi, omena, hao wote unawajua hata ukifungwa macho. Shida inaanza siku unataka samaki wa kuangalia tu, akiogelea kando ya TV kwa bedsita yako ya Migosi. Ziwa liko hapo chini, boda inakufikisha Dunga chap chap, na wazo la kwanza ni: si nishuke tu bichi nichote wangu wa bure?

Usichote, na sababu ni hii. Omena anaishi katikati ya ziwa kwa kundi kubwa, na ni mwororo sana. Ukimshika tu magamba yanatoka, na huenda akafa kwa ndoo kabla ufike Nyalenda. Ngege tunayekula siku hizi ni tilapia wa Nile, na huyo anapita sentimita 30 kwa urahisi, anachimba mchanga na kung'oa kila mmea umepanda. Mbuta akikomaa anakaribia mita mbili na anaweza kufika kilo 200. Kamongo naye anapumua hewa kama wewe, anauma, na anapita urefu wa mita moja. Kama hauniamini, ingia Kisumu Museum uangalie matanki yao ya samaki wa ziwa. Angalia vizuri vile wanatoshea huko, halafu fikiria ile meza yako ndogo.

Mmoja tu ndiye anaweza kukushawishi, na anaitwa fulu. Huyu ni yule mdogo ambaye wengi wetu tumemla akiwa amekaangwa ama amekaushwa, na hatukuwahi kumwangalia mara mbili. Dume wa fulu akiwa hai ana rangi noma: kuna wekundu, wa manjano, wa samawati. Wataalamu wanakadiria ziwa letu lilikuwa na aina zaidi ya 500 za hawa jamaa, na nyingi zilitokea ndani ya miaka kama 15,000 hivi, ambayo kwa mambo ya viumbe ni kama jana. Mathe wa fulu anabeba mayai na watoto mdomoni. Kuna mmoja wa upande wa Mwanza alipewa jina la Mwalimu Nyerere, Pundamilia nyererei, na wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamtunza kama dhahabu. Sisi tunamla na ugali, sawa tu. Lakini mbuta aliyewekwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 aliwamaliza wengi sana alipoongezeka miaka ya 1980. Kuna aina nyingi za fulu ambazo hazijaonekana tena.

Basi mbona nisikuambie ufuge fulu? Kwa sababu ni mkorofi. Dume anachagua kipande chake na kukilinda kama kanju wa stage. Kwa tanki ndogo, mwenye nguvu atawafukuza wenzake hadi wakose pa kujificha, na wiki haiishi kabla uanze kutoa maiti. Fulu anataka tanki ya lita 200 hivi, mawe mengi, na mtu ambaye tayari anajua maji. Huyo ni wa tanki yako ya pili.

Sasa tuseme umepata tanki ya kuanzia, sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Hesabu yake ni lita 54, na maji peke yake ni kilo 54 kabla uongeze mchanga na vioo. Usiiweke juu ya ile stuli ya plastiki. Na lile bakuli la duara linalouzwa na goldfishi mmoja ndani, lipite tu. Goldfishi anakua hadi sentimita 20 na zaidi, na anachafua maji haraka kuliko unavyoweza kusafisha. Pleko, yule wa kunyonya kioo, utauziwa akiwa kama kidole halafu anakua zaidi ya sentimita 30. Kabla utoe ganji, swali ni moja tu: huyu akikomaa atakuwa na ukubwa gani? Muuzaji akianza kuzunguka, toka.

Chaguo langu la kwanza ni gapi. Ni mdogo, sentimita tatu hadi tano, mkia una rangi kali, na anafurahia maji ya nyuzi 22 hadi 28. Kwa joto la Kisumu hiyo inamaanisha mara nyingi hauhitaji hita. Nunua tu themomita ujue maji yanashuka hadi wapi usiku wa Julai. Lakini sikia vizuri: chukua madume peke yao, kama sita hivi. Jike wa gapi anazaa karibu kila mwezi, watoto ishirini au zaidi kwa mpigo, na akishapandwa mara moja anaweza kuendelea kuzaa miezi kadhaa bila dume kuonekana. Watu huanza na wanne na baada ya nusu mwaka wanabembeleza majirani wachukue watoto.

Kama mtaa wenu stima hupotea ovyo, beta ni fiti zaidi. Huyo anavuta hewa juu ya maji, kwa hivyo pampu ikizima hapaniki. Mmoja tu lakini. Madume wawili watararuana, na usimchanganye na gapi kwa sababu ataona ile mikia kama adui. Zebra danio pia ni mgumu kufa, ila anataka wenzake kama sita, na tanki iwe na kifuniko maana anaruka. Neon tetra ni mrembo, lakini tanki mpya inamuua haraka.

Hapo kwa tanki mpya ndipo pesa nyingi hupotea. Samaki akikojoa na chakula kikioza, inatokea amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza, lakini huchukua wiki nne hadi sita kujipanga ndani ya filta. Ukijaza tanki Jumamosi na kuweka samaki kumi Jumapili, usishangae Alhamisi. Washa filta mapema, tupia chakula kidogo kila siku bila samaki, halafu anza na wawili au watatu. Maji ya mfereji ya KIWASCO yana klorini, kwa hivyo yaache kwa ndoo wazi siku nzima ama tumia dawa ya kuitoa. Ya mvua peke yake hayana madini ya kutosha. Kila wiki badilisha robo ya maji, na usioshe filta na maji ya mfereji, utaua wale bakteria wote.

Na kama ulikuwa unapanga kuokota majani na konokono ziwani upendezeshe tanki, wacha. Konokono wa ziwa ndio hubeba kichocho, na utakuwa unaingiza mkono humo kila wiki.

Ukichoka na samaki, usimtupe Dunga wala mto Kisat ukidhani unamweka huru. Gugu maji lililoanza kuonekana kwa ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1980, likaja kufunga bandari ya Kisumu miaka ya 1990, lilisambazwa duniani kutoka Amerika Kusini kama ua la kupamba bwawa. Rudisha samaki dukani, ama mpe msee mwenye tanki. Na hayo maji machafu ya kila wiki pia usimwage kwa mtaro, kunaweza kuwa na mtoto wa gapi mdogo kama kope humo ndani. Yapeleke kwa sukuma za mathe. Ni mbolea safi.