Mtama wa Unyamwezi na Doa Jekundu

Historia ya Tabora imezoea kupimwa kwa pembe za ndovu. Twasoma kwamba Burton na Speke waliingia Kazeh mwezi wa Novemba 1857, na kwamba Stanley alipanga Kwihara mwaka 1871. Lakini misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji haikula pembe. Ilikula nafaka, na nafaka kuu ya Unyamwezi ilikuwa mtama. Wapagazi walisafiri zaidi wakati wa kiangazi, na sehemu kubwa ya kazi ya shamba ilikuwa mikononi mwa wanawake, ambao vitabu vya wasafiri haviwataji ila kwa kupita.

Mkulima aonapo doa jekundu katika jani la mtama husema shamba limeugua. Hakosei, ila wekundu huo si ugonjwa wenyewe. Mnamo 1987 Ralph Nicholson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walieleza kwamba kuvu iletayo chule inapojaribu kupenya jani, seli iliyoshambuliwa hutengeneza rangi za jamii ya antosianidini. Rangi hizo hukusanyika katika vifuko vidogo. Vifuko husogea hadi mahali pa shambulio, hupasuka, na sumu yake huidhuru kuvu na kuiua hata seli iliyoitengeneza. Baadaye ilionekana kwamba hata mtama dhaifu waweza kutoa rangi ya namna hii. Ule ulio sugu huwahi, tena huitoa pamoja na luteolinidini, iliyo kali zaidi.

Punje nazo zina kinga yao. Baadhi ya aina za mtama huwa na tanini chini ya ganda, nayo huzuia ukungu na kuwachukiza ndege. Huo ndio uchungu tuusikiao ulimini. Na kwa sababu hiyo hiyo mlaji huikataa, akataka unga mweupe wa mahindi.

Mahindi yalitoka Amerika, na adui zake wakayafuata. Kutu iitwayo Puccinia polysora ilifika Kenya mwaka 1952. Mahindi ya huku hayakuwa na kinga ya kutosha, na Storey na Howland, waliofanya utafiti wao Muguga, walilazimika kuitafuta katika mbegu za Amerika. Mtama wa shamba la jirani kutu hiyo haikuugusa.