Mchaichai: Majani Yaliyoazima Jina

Mchaichai ni jina la kuazima. Anayelitamka hutaja chai mara mbili, ingawa katika majani yenyewe hamna chai hata chembe. Na mmea hauwezi kupewa jina kama hilo mahali ambapo chai haijafika. Chai ilitangulia, jina likafuata.

Wala chai haikutangulia kwa muda mrefu. Katika pwani hii kinywaji cha heshima kilikuwa kahawa. Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na humo ni kahawa inayotolewa kumkirimu mgeni. Chai ilikuja na jina lake la Kichina, lililokwisha kupita katika ndimi za Waajemi na Wahindi. Huko Limuru ilipandwa mwaka 1903. Amani, katika milima ya Usambara, Wajerumani waliijaribu karibu na wakati huo huo. Kwa mtu wa visiwani ilikuwa, na imebaki kuwa, kitu cha dukani, chenye bei.

Mchaichai haukuwa na bei. Asili yake ni Asia, kama ilivyo ya iliki, mdalasini na tangawizi, lakini ulikubali kuota popote penye unyevu: nyuma ya jiko, kando ya kisima, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Aliyeukata kwa haraka anaijua makali ya jani lake kidoleni.

(Watu wa Mombasa nao chai isiyo na maziwa waliiita mkandaa, kwa jina la mkoko ambao magome yake hutoa rangi nyekundu. Huko jicho ndilo lililotoa jina.)

Jina la kuazima lina hasara yake: mwenye kuazima hudhaniwa hana chake. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi katika miaka ya 1970, bidhaa za kuagizwa ziliadimika Zanzibar. Mchele, unga na sukari vilipatikana kwa mgao, na foleni zilianza kupangwa kabla ya jua kuchomoza. Majani ya chai yalipokosekana, birika liliwekwa mchaichai. Watu waliunywa kwa kukosa, na kinachonywewa kwa kukosa hakisifiwi. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, wengi walirudia pakiti ya dukani kwa furaha ya mtu aliyetolewa kifungoni, na mchaichai ukabakiwa na sifa ya kinywaji cha dhiki.

Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Chai ya asubuhi ni ya kuharakisha. Visiwani “kunywa chai” ni kula chakula cha kwanza cha siku, kisha mtu akaenda zake. Mchaichai una saa nyingine: baada ya alasiri, au usiku sauti zikishapungua, kikombe kikikaa mkononi mpaka kipoe. Hauna ukali wa kumkosesha mtu usingizi.

Leo hoteli za Mji Mkongwe humwandalia mgeni mchaichai katika bilauri nyembamba, naye huulipia. Uani fundo hufungwa vile vile: majani manne au matano, yakunjwe mara mbili, jani la mwisho liyazunguke na kuyabana, kisha yatumbukizwe maji yakianza kutokota.