Keki iliyorudi bila waokaji wake



Tarehe 16 Novemba 2012 watu wengi wa Marekani walikimbilia madukani kununua keki. Haikuwa Noeli, wala hapakuwa na njaa. Asubuhi ile kampuni ya Hostess Brands ilikuwa imetangaza kwamba inafunga viwanda vyake vyote 33, na kwamba wafanyakazi wake wapatao 18,500 watapoteza kazi. Katika miji mingi rafu zilibaki tupu kabla ya usiku, na wapenda faida wakaanza kuziuza keki hizo tena kwenye intaneti kwa bei ya kustaajabisha. Magazeti yaliandika kwa ufupi kwamba mgomo wa waokaji umeiua Twinkie. Sentensi hiyo si uongo, ila imekatwa mno. Yaliyoachwa nje yake ndiyo ninayotaka tuyatazame, maana wengi wenu mtaajiriwa siku moja, na baadhi yenu mtaajiri.

Twinkie ni keki ndogo ya rangi ya dhahabu, ndefu kuliko kidole, laini kama sifongo, yenye krimu tamu ndani. Ilibuniwa mwaka 1930 na James Dewar, aliyekuwa meneja wa kampuni ya Continental Baking karibu na Chicago. Mtu huyo alianza kazi mwaka 1920 akipeleka keki madukani kwa gari la kukokotwa na farasi. Miaka ile dunia ilikuwa imeingia katika mdororo mkubwa wa uchumi. Dewar aliona kwamba mitambo ya kuokea keki za matunda ya stroberi inakaa bure msimu wa stroberi ukiisha, akajiuliza kwa nini isifanye kazi mwaka mzima. Akaoka keki ndogo, akaijaza krimu ya ndizi, akauza mbili kwa senti tano. Jina alilipata kwenye bango la tangazo la viatu aliloliona akiwa safarini St. Louis. Ilipofika Vita Kuu ya Pili ndizi ziliadimika, wakaweka krimu ya vanila, na vanila ikabaki hata amani iliporudi. Watoto wa vizazi vitatu au vinne walikwenda nayo shule. Wengi waliamini kwamba haiozi kamwe. Huo ni mzaha tu, kwani ilitengenezwa idumu takriban siku 26.

Keki ilibaki ileile, lakini wenye mali walibadilika. Mwaka 1968 Continental ilinunuliwa na ITT, kampuni iliyokuwa maarufu kwa simu na telegrafu. Mwaka 1984 ikauzwa kwa Ralston Purina, watengenezaji wa chakula cha wanyama. Mwaka 1995 ikaingia mikononi mwa Interstate Bakeries ya Kansas City, ambayo angalau ilikuwa kampuni ya waokaji kweli. Kila mnunuzi alirithi viwanda vingi vilivyozeeka na mikataba mingi ya kazi, na kila mmoja alitarajia faida aliyomwahidi yule aliyemkopesha.

Mikataba hiyo yataka maelezo kidogo. Mwishoni kampuni ilikuwa na mikataba 372 na sendika 12. Kubwa zilikuwa mbili: ile ya madereva, iitwayo Teamsters, na ile ya waokaji, ijulikanayo kwa herufi BCTGM. Kampuni haikutegemea maghala ya wengine. Madereva wake wenyewe, katika njia zipatazo 5,500, walipeleka mkate na keki hadi ndani ya duka na kuzipanga rafuni. Mahali pengine mkate na keki havikuruhusiwa kusafiri katika lori moja, hata kama vyote vilikwenda duka moja. Mtu akitafuta ubishi wa kuilaumu sendika, hapo ataupata, na nadhani atakuwa na haki. Juu ya hayo, malipo ya uzeeni yaliwekwa katika mifuko ya pamoja iliyochangiwa na waajiri wengi. Mwajiri mmoja akifa, wazee wake hulipwa na waliobaki hai. Hivyo Hostess ilikuwa ikiwalipia wazee ambao hawakuwahi kuoka hata mkate wake mmoja. Wakati huohuo walaji walikuwa wakigeukia vyakula vyenye sukari kidogo, na unga na mafuta vilipanda bei.

Septemba 2004 Interstate ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Sheria ya Marekani huruhusu kampuni iliyoshindwa kulipa ijipange upya chini ya ulinzi wa hakimu badala ya kufilisiwa mara moja. Wakati ule ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000. Ilikaa chini ya ulinzi huo zaidi ya miaka minne. Ilipotoka, Februari 2009, ilikuwa imepungua sana, ikawa mali ya wawekezaji wa Ripplewood, na baadaye mwaka huo ikachukua jina la Hostess Brands. Ili itoke, wafanyakazi walikubali kupunguziwa mishahara na mafao yenye thamani ya takriban dola milioni 110 kwa mwaka. Tuliweke hilo moyoni: waokaji waliokataa mwaka 2012 walikuwa wamekwisha kukubali mara moja. Na kampuni waliyoiokoa kwa mifuko yao ilitoka mahakamani ikiwa bado imebeba deni la zaidi ya dola milioni 600. Mgonjwa aliruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na homa.

Sasa nafika mahali ambapo, kwa maoni yangu, jambo lote lilivunjika. Ilikuwa Agosti 2011, mwaka mmoja na zaidi kabla ya mgomo. Kampuni iliacha kupeleka michango katika mifuko ya pensheni. Kwamba mwajiri aliyekwama anachelewesha mchango wake, hilo laweza kueleweka, hata kama linauma. Lakini sehemu ya fedha hizo haikuwa sadaka ya mwajiri. Katika miaka iliyopita waokaji walikuwa wamekubali nyongeza zao za mshahara zisiingie mfukoni mwao, bali ziende moja kwa moja pensheni. Mtu aliongezewa senti thelathini kwa saa, kwa mfano, akapokea chache, zilizobaki akaziwekea uzee wake. Fedha hizo nazo zilibaki kampuni na kutumika katika shughuli za kila siku. Mwokaji aliendelea kuamka saa tisa za usiku, akaendelea kuona kwenye hesabu ya mshahara wake kile alichojinyima, na kile alichojinyima hakikufika kule alikokituma.

Vijana wengi huona pensheni kuwa jambo la wazee. Nawaomba mlitazame upya. Pensheni ni mshahara wa leo uliokubaliwa kulipwa kesho, na anayeukubali hana dhamana nyingine ila neno la mwajiri. Akiona neno hilo limevunjwa mara moja, ahadi ya pili ataisikiliza kwa sikio jingine kabisa.

Tarehe 11 Januari 2012 kampuni ilirudi mahakamani mara ya pili, ikiwa na deni lililopita dola milioni 800. Miezi michache baadaye wadai walilalamika kwamba wakubwa walikuwa wamejiongezea mishahara kabla ya kufilisika, na kwamba ule wa mkurugenzi mkuu ulipandishwa kutoka takriban dola 750,000 kwa mwaka hadi zaidi ya milioni 2.5. Mkurugenzi huyo alikuwa amekwisha kuondoka mwezi Machi. Aliyemfuata, Gregory Rayburn, aliteremsha mishahara ya wakubwa wanne hadi dola moja kwa muda uliobaki wa mwaka ule. Lilikuwa tendo jema, lakini habari ya kwanza ilikuwa imekwisha kuenea viwandani.

Kisha ukaja mkataba mpya. Mshahara ungepunguzwa asilimia 8 mwaka wa kwanza, halafu upande kidogo kidogo miaka iliyofuata. Mfanyakazi angelipa zaidi kwa bima yake ya afya. Michango ya pensheni ingerudi mwaka 2015, tena kwa kiasi kidogo. Kwa upande wao wafanyakazi wangepewa robo ya hisa za kampuni na viti viwili katika baraza lake. Teamsters walileta wataalamu wao wa fedha, wakapekua vitabu, wakasadiki kwamba kampuni inakufa kweli. Walipiga kura Septemba 2012, na mkataba ukapita kwa wingi mdogo, zaidi kidogo ya nusu. Waokaji nao walipiga kura, na asilimia 92 wakakataa. Mapema Oktoba hakimu Robert Drain wa mahakama ya White Plains, jimboni New York, aliiruhusu kampuni kuwawekea waokaji masharti hayo hata bila kibali chao.

Tarehe 9 Novemba mgomo ulianza. Siku tatu baadaye kampuni ilitangaza kufunga viwanda vitatu moja kwa moja, Seattle, St. Louis na Cincinnati, vyenye watu 627. Rayburn akatoa onyo: waokaji wasiporudi kazini kwa wingi wa kutosha kabla ya saa kumi na moja jioni ya Alhamisi tarehe 15, kampuni yote itafungwa. Sendika ya madereva iliwasihi waokaji hadharani wapige kura tena, safari hii kwa siri, kila mmoja aseme kama anataka kuendelea. Ombi hilo halikufuatwa. Viongozi wa waokaji waliona vitisho vya kufunga ni mbinu ya kawaida ya mezani, na walitumaini kwamba hata Hostess ikianguka, mnunuzi mwenye uwezo zaidi atazichukua keki zake pamoja na mikono inayozioka.

Hapa siwezi kuwatetea waokaji moja kwa moja. Waliogoma walikuwa elfu kadhaa, lakini waliopoteza kazi walikuwa 18,500. Dereva aliyekuwa amepiga kura ya ndiyo, akameza kupunguziwa ili watoto wake wasome, alirudi nyumbani bila kazi kama yule aliyesema hapana. Mgomo ni haki ya mfanyakazi, nasi tunaoishi katika nchi ambayo walimu hugoma karibu kila mwanzo wa masomo twajua kwamba mara nyingi ndiyo sauti pekee anayosikilizwa nayo. Lakini twajua pia nani hubaki barazani akiwa na daftari tupu. Viongozi wa waokaji walikuwa na wajibu wa kuhesabu jirani zao pia. Hata hivyo, anayewaita wajinga amesahau Agosti 2011. Waliulizwa kama wanaiamini hesabu ya kampuni, na wao walikuwa na sababu iliyoandikwa kwenye karatasi zao za mshahara ya kutoiamini.

Tarehe 19 hakimu Drain alishangaa mbele ya wote kwamba mambo yamefika hapo bila usuluhishi, akaziomba pande mbili zijaribu. Walijaribu siku moja, tarehe 20, wakashindwa. Tarehe 21, mkesha wa sikukuu ya Marekani ya kutoa shukrani, akakubali kampuni ifilisiwe. Wengi wao waliachishwa papo hapo, na wapatao 3,200 wakabakizwa kwa muda ili kufunga milango. Kabla mwezi haujaisha mahakama iliruhusu pia wakubwa 19 wapewe hadi takriban dola milioni 1.8, kama motisha ya kusimamia ufungaji huo vizuri. Sheria ilifuatwa. Mtaniruhusu niseme kwamba yapo mambo yanayofuata sheria ambayo mtu mwenye haya asingeyaomba.

Halafu mali ikagawanywa. Mkate maarufu wa Wonder ulikwenda kwa Flowers Foods. Twinkie na ndugu zake zilinunuliwa mwaka 2013 kwa dola milioni 410 na wawekezaji wawili, Apollo na Metropoulos. Hawakununua mikataba ya kazi, wala wajibu wa pensheni, wala malori ya kwenda kila duka. Tarehe 15 Julai 2013, miezi minane baada ya mgomo, Twinkie ilirudi madukani na watu wakashangilia. Sasa ilidumu siku 45, kwa hiyo iliweza kupitia maghala ya wauzaji bila kuhitaji dereva wa kampuni. Mwanzoni wafanyakazi wapya hawakuwa na sendika. Katika kiwanda cha Emporia, jimboni Kansas, iliwekwa mitambo mipya pamoja na roboti za kupakia. Mwaka 2015 jarida la Forbes liliripoti kwamba watu wapatao 500 pale walitoa asilimia 80 ya keki zote za kampuni, kazi ambayo zamani ilihitaji viwanda 14 na watu 9,000.

Kwa hiyo viongozi wa waokaji walikisia sawa kwamba mnunuzi angekuja. Alikuja, akachukua jina na namna ya kuioka, na mikono akaona haihitaji sana. Mwaka 2023 kampuni ya J.M. Smucker, inayojulikana kwa jamu na kahawa, iliinunua Hostess hiyo mpya kwa takriban dola bilioni 5.6.

Kiwanda cha Schiller Park, kando ya Chicago, eneo lile Dewar alikoanzia, kilikuwa miongoni mwa vile vinne vilivyofunguliwa tena mwaka 2013. Kilifungwa Oktoba 2014, na watu wapatao 400 wakapoteza kazi. Safari hiyo hakuna aliyekuwa amegoma.