Mbinu ya udhibiti wa mpaka

Mbinu ya udhibiti wa mpaka ni njia ya kihisabati ya kutambua sifa za ndani ya kitu kwa vipimo vilivyochukuliwa ukingoni mwake tu. Ni sehemu ya matatizo ya kinyume, ambamo matokeo yanajulikana na kinachotafutwa ni chanzo.

Asili

Mikhail Belishev wa Leningrad (leo St. Petersburg) aliitangaza mwaka 1987 kwa mlinganyo wa mawimbi. Mwaka 1992 yeye na Yaroslav Kurylev waliipanua hadi maumbo ya Riemann. Nadharia ya Daniel Tataru ya mwaka 1995 iliipa msingi: misukumo ya mpakani inaweza kukaribia hali yoyote ya wimbi katika eneo lililofikiwa.

Ukokotoaji

Wimbi husafiri kwa kasi yenye kikomo, hivyo baada ya muda fulani huwa limejaza tabaka la karibu na mpaka tu. Utambulisho wa A. S. Blagoveshchenskii huwezesha kukokotoa zao la ndani la mawimbi mawili kwa vipimo vya mpakani pekee, hata kama yaliyomo ndani hayajulikani. Kompyuta huyapanga mazao hayo katika matriksi na kutatua milinganyo ya mstari. Muda ukirefushwa, tabaka linalofuata hufunuka, bila kuhitaji kisio la kuanzia. Tatizo ni kwamba matriksi hiyo haina uthabiti: kosa dogo la kipimo huvimba katika jibu. Hulainishwa kwa njia ya Andrey Tikhonov ya mwaka 1963, inayopunguza mvimbo huo kwa gharama ya undani.

Meru na Embu

Ndugu wa karibu wa mbinu hii ni tatizo la umeme lililoasisiwa na Alberto Calderón mwaka 1980, la kutambua upitishaji umeme wa ndani kwa vipimo vya mpakani, na watafutaji maji hukutana nalo kila siku. Nyanda za juu za Meru na Embu zina miamba ya volkano ya Mlima Kenya na Nyambene. Huko Mbeere, sehemu ya Embu, kuna miamba ya kale iliyogeuzwa na joto na shinikizo, na maji hukaa kwenye nyufa na sehemu zilizooza. Vijiti viwili vya chuma hupitisha umeme ardhini na vingine viwili hupima volti. Vya umeme vikitenganishwa zaidi, kipimo hufika chini zaidi.

Hata hivyo, tabaka jembamba lipitishalo umeme, likiwa kati ya miamba yenye ukinzani mkubwa, hutambulika kwa uwiano wa unene na ukinzani tu. Mita 10 zenye ukinzani wa omu-mita 20 hutoa karibu kipimo kile kile na mita 20 zenye omu-mita 40. Kwa hiyo mtaalamu hulinganisha vipimo na kumbukumbu za visima jirani kabla ya kupendekeza kina cha kuchimba. Ripoti yake huambatanishwa na ombi la kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji ya Kenya, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016.