Dhidi ya Mfuko Mmoja: Madeni ya Wanandoa na Suala la Kubana Matumizi

Wanandoa walioelemewa na madeni hupewa ushauri ule ule karibu kila wanakokwenda: unganisheni mapato, andikeni bajeti moja, futeni yasiyo ya lazima, kisha lipeni deni moja baada ya jingine. Ndivyo yasemavyo mafundisho ya ndoa, vipindi vya redio na semina za ujasiriamali. Tangu mwaka 2023 ushauri huo umepata pia mhimili wa kitaaluma. Katika jarida la Journal of Consumer Research, Jenny Olson na wenzake waliripoti jaribio walilolifanya Marekani kwa wanandoa wapya. Baadhi walipangiwa kwa bahati nasibu kuunganisha fedha katika akaunti ya pamoja, baadhi kubaki na akaunti tofauti, na wengine hawakupewa maelekezo yoyote. Baada ya miaka miwili uhusiano wa waliounganisha fedha ulikuwa bado imara, ilhali ule wa makundi mengine mawili ulikuwa umefifia kama ilivyo kawaida katika miaka ya mwanzo ya ndoa. Anayehimiza mfuko mmoja sasa ana utafiti wa kuutaja.

Makala haya yanapinga msimamo huo. Hoja yangu ni kwamba, kwa kaya nyingi za mijini Tanzania na Kenya, kinachopaswa kuunganishwa ni taarifa za madeni, na kwamba mapato na akiba vinaweza kubaki kila kimoja na mwenyewe. Mume na mke wanaweza kuwa na mifuko miwili na bado wakatoka kwenye madeni. Hawawezi kutoka iwapo kila mmoja ana mkopo ambao mwenzake ataujua siku wadai watakapogonga mlango. Washauri huita akiba ya siri na deni la siri kwa jina moja, ukosefu wa uaminifu, na kwa kufanya hivyo hufuta tofauti ambayo ndiyo kiini cha tatizo.

Kwamba kaya si mtu mmoja mwenye nia moja ni jambo ambalo wachumi wamekwisha kulikubali. Gary Becker, aliyeijenga nadharia ya familia juu ya mkuu wa kaya anayewatakia mema wote walio chini yake, amejibiwa vya kutosha. Ugomvi uko kwingine. Olson na wenzake walipima ubora wa uhusiano, na sina sababu ya kutilia shaka walichokiona. Lakini wanandoa wanaweza kupendana sana na deni lao likaongezeka kila mwezi. Tena waliwapima watu wa nchi ambako mshahara huingia benki, kodi ya nyumba hulipwa mwezi kwa mwezi, na madai ya ndugu juu ya kipato cha mtu ni machache ukilinganisha na ya kwetu. Dar es Salaam wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Ada za shule huja Januari. Kadi za mchango wa harusi hutoka katika koo zote mbili, na msiba hauna tarehe. Kuyachukua matokeo ya kule na kuyafanya kanuni ya huku ni kuruka hatua nzima ya hoja.

Wala mfuko mmoja si mila iliyopotea ambayo tunatakiwa kuirejea. Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kisiwani Mafia katika miaka ya 1960, alionyesha jinsi wanawake wa huko walivyokuwa na mali zao wenyewe, minazi ikiwamo, bila ndoa kuzihamishia kwa mume. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inakwenda katika mkondo huo huo. Kifungu cha 58 kinatamka kuwa ndoa haibadilishi umiliki wa mali. Kifungu cha 63 kinampa mume wajibu wa kumtunza mke. Na kifungu cha 64 kinamchukulia mke anayeishi na mumewe kuwa ana mamlaka ya kukopa kwa jina la mume kwa ajili ya mahitaji ya lazima ya nyumba. Mali zilitenganishwa, wajibu ukaunganishwa, na suala la deni halikusahauliwa. Naamini waliotunga vifungu hivyo waliielewa kaya ya Kitanzania vizuri zaidi kuliko wanaotuhubiria bajeti moja leo.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni jaribio la Simone Schaner lililofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2015. Naupa nafasi kubwa kwa sababu, ukisomwa kwa haraka, unaonekana kuwaunga mkono wapinzani wangu. Schaner aliwapa wanandoa fursa ya kufungua akaunti ya pamoja, ya mume peke yake na ya mke peke yake. Kila akaunti ilipangiwa riba yake kwa bahati nasibu, hivyo kwa baadhi ya wanandoa akaunti ya mume ndiyo iliyolipa zaidi, kwa wengine ya mke, kwa wengine ya pamoja. Alimpima pia kila mmoja subira yake: yuko tayari kuacha kiasi gani sasa ili apate zaidi baadaye. Kama wawili hao wangekuwa na lengo moja, jina lililoandikwa kwenye akaunti lisingekuwa na uzito wowote. Akiba ingefuata riba kubwa. Wanandoa waliolingana kwa subira walikaribia kufanya hivyo. Wasiolingana hawakuifuata riba. Walitumia akaunti binafsi hata pale zilipowagharimu, na faida waliyoikosa ilikuwa kubwa kuliko ya wenzao.

Mfuasi wa mfuko mmoja atasema hiyo ndiyo hasara ya kujitenga. Usomaji huo unageuza tokeo kuwa chanzo. Tofauti ya subira kati ya mume na mke haikuletwa na akaunti binafsi. Akaunti binafsi ilikuwa kinga, na riba waliyoikosa ilikuwa bei ya kinga hiyo. Ukiziondoa akaunti hizo, tofauti inabaki pale pale, isipokuwa mwenye subira hana tena pa kuweka. Ama ataacha kuweka, ama atawahi kutumia kabla mwenzake hajatumia. Hatua hii ya mwisho ni tafsiri yangu, lakini haisimami peke yake. Jonathan Robinson alifanya jaribio la wiki 8 kwa wanandoa 142 nchini Kenya, ambapo kila mtu alikuwa na nafasi ya nusu kwa nusu ya kupata shilingi 150 za Kenya kila wiki. Wiki ambazo mume ndiye aliyepata, matumizi yake binafsi yalipanda. Fedha haikwenda kwenye mahitaji ya wote kana kwamba imeingia kapu moja. Nao Siwan Anderson na Jean-Marie Baland, katika utafiti wa Kibera uliochapishwa mwaka 2002, walieleza kwamba wanawake wenye ndoa huingia katika michezo ya kupokezana ili kuiondoa fedha mahali ambapo mume anaweza kuifikia. Aliyeingia zaidi alikuwa mke wa katikati: kipato chake kinatosha kuwa na cha kulinda, lakini kauli yake haitoshi kukilinda ana kwa ana.

Hapa ndipo kubana matumizi kunapoingia, na hapa ndipo washauri wanapokosea zaidi. Orodha zao hufuta soda, vocha na nguo za sikukuu. Kaya inayonunua mafuta ya kupima, mkaa wa kopo na mchele wa nusu kilo haina mengi ya kufuta. Inacholipia zaidi ni udogo wa kipimo: makopo ya mkaa ya mwezi mzima huzidi bei ya kuununua kwa gunia, na mafuta ya kupima huzidi bei ya dumu. Kupunguza gharama hiyo kunahitaji fedha ya mkupuo, na palipo na kipato cha kubahatisha mkupuo hutoka kwenye mchezo au kikoba. Mke anayepokea zamu yake akanunua gunia la mchele, gunia la mkaa na dumu la mafuta amebana matumizi ya nyumba kwa muda mrefu bila mtu yeyote kula kidogo. Mchango wake wa kila wiki ukiingizwa katika mfuko wa wote, utachotwa kwa nauli, kwa mgeni, kwa ndugu aliyepiga simu jioni, na kila mchoto utakuwa na sababu nzuri. Kwa hiyo anayewaambia wanandoa wavunje akiba binafsi ili wabane matumizi anawanyang'anya nyenzo pekee ya kubania.

Deni ni jambo jingine kabisa. Mkopo wa siri ukishindikana, gharama huangukia vitu vya wote. Mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu hutolewa kwa dhamana ya friji, runinga, kochi, hata kitanda. Marejesho hudaiwa kila wiki au kila siku, na hutoka katika hela ya kula. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili. Kwa mkopo wa shilingi 300,000 hiyo ni shilingi 10,500 kwa mwezi. Tuseme mkopeshaji wa mtaani anatoza asilimia 20: atachukua 60,000. Mwenzi asiyejua zinakokwenda ataona tu kwamba hela ya matumizi haitoshi tena. Atapunguza chakula, kisha naye atakopa kuziba pengo ambalo hajui asili yake. Akiba ya siri haina madhara ya namna hiyo kwa mtu wa pili.

Ninachokipendekeza ni daftari moja la madeni: nani anadai, kiasi gani, marejesho ni lini, dhamana ni nini. Liingizwe deni la dukani kwa Mangi, mkopo wa kikoba, mkopo wa simu, na hasa udhamini, maana wengi hawauhesabu udhamini wa mkopo wa rafiki kuwa deni mpaka rafiki anapohama mtaa. Akiba isiandikwe humo. Jaribio la Nava Ashraf nchini Ufilipino, lililochapishwa mwaka 2009, linatia nguvu wazo hili: waume walipoamua kwa siri waliweka fedha katika akaunti zao, lakini walipozungumza kwanza na wake zao walielekea kuiweka kwa mke. Kilichobadilisha uamuzi ni taarifa na mazungumzo.

Pingamizi moja ni zito. Tavneet Suri, Prashant Bharadwaj na William Jack walionyesha mwaka 2021 kwamba Wakenya waliostahili kupata mkopo wa simu wa M-Shwari hawakulazimika kuacha matumizi muhimu kwa kiwango cha wenzao walipopatwa na dharura. Nalikubali hilo. Mtoto akiugua usiku hakuna haja ya kikao. Lakini daftari halizuii kukopa usiku. Linataka deni liandikwe kunapokucha.

Pingamizi la pili ni kwamba kwa mke anayeishi na mume mkali, kufichua deni ni kujiweka hatarini. Kwake sina cha kupendekeza katika makala kuhusu bajeti. Anahitaji ulinzi kwanza. Hata hivyo hatari hiyo ndiyo inayonifanya nikatae suluhisho linaloonekana rahisi, yaani kudai idhini ya mwenzi kwa kila mkopo. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinakataza nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na ni sawa, kwa kuwa nyumba ni moja. Kuipeleka kanuni hiyo kwenye mikopo midogo kutawafungia wanawake mlango wa mitaji. Taarifa inatosha. Kenya nayo itaihitaji: kifungu cha 10 cha Sheria ya Mali za Ndoa ya mwaka 2013 kinawataka wanandoa wagawane sawa madeni yaliyoingiwa kwa manufaa ya ndoa, na pasipo kumbukumbu hakuna hakimu awezaye kusema kwa yakini lipi lilikuwa kwa manufaa ya ndoa na lipi halikuwa.

Benki Kuu ya Tanzania ianze na mikopo inayowekewa dhamana ya vyombo vya ndani: mkopeshaji asiruhusiwe kuchukua chombo kinachotumiwa na wanandoa wote wawili ikiwa mmoja wao hakuwahi kuarifiwa kwamba kimewekwa dhamana. Nao wanaoendesha semina za ndoa waache kuwadai wanawake funguo za vikoba vyao. Wawaulize wanandoa wote wawili, mbele ya kila mmoja, wanadaiwa na nani.