Nipe Mji

Nyumba za mawe za Lamu, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, na ambazo vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu upana ulikadiriwa na urefu wa boriti za mikoko, ziliikabili njia kwa ukuta mtupu na mlango wa nakshi. Mgeni mwanamume alikomea dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, na kule ndani, penye zidaka ukutani, mwanamke wa kiungwana alitawa, naye alipotaka kumzuru jirani aliweza kupita katika wikio, chumba cha juu kinachovuka njia kutoka nyumba hata nyumba, bila ya unyayo wake kugusa mchanga. Insafu yataka tuseme pia kwamba utawa ulikuwa fahari ya wachache: soko na kuni vilikuwa juu ya wajakazi, ambao hawakuulizwa kama wangependa kukaa ndani.

Masika yalipoingia, na kusi likachacha hata vyombo vikapandishwa pwani, nahodha naye akawa mfungwa wa nyumba moja na mke, mama mkwe na watoto. Hapo, baada ya sala ya isha, bibi mzee akiegemea kitandani, ndipo iliposikika "Kitendawili!" na watoto wakaitikia "Tega!"

Akatega, tuseme, habari ya nyumba isiyo na mlango. Mmoja akabahatisha kaburi, mwingine nazi, na walioshindwa hawakutozwa fedha wala kitumbua, bali walidaiwa mji. "Nipe mji," asema mtegaji. Naye akipewa kijiji ana haki ya kukikataa, lakini akipewa Unguja huupokea, akaenda kwa maneno tu, akala, akanywa, akastarehe kama sultani, na arudipo ndipo afumbuapo: yai.

Hadithi nazo zilikuwa na mlango wake, "Paukwa!" na "Pakawa!", na mmisionari Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alizikusanya nyingi akazichapisha London mwaka 1870. Kitabu kiliweza kuzihifadhi hadithi. Mchezo wa mji haukuhifadhika hivyo, kwa kuwa nusu yake ni ubishi.

Nami huustaajabia ubishi huo zaidi ya vitendawili vyenyewe. Binti asiyeruhusiwa kuvuka mkondo mpaka kisiwa cha Manda alilala akiwa na miji mitatu, na baba yake, aliyeijua bandari ya kila mmoja, alinyamaza akamwachia aipambe apendavyo. Napenda kudhani kwamba mtoto wa Lamu akipewa Pate, ambao askari wake walishindwa na babu zake huko Shela karibu na mwaka 1812, aliusukuma kando kama mkate mkavu, akasema hautaki, na apewe Maskati.