Masihi na Ufalme wa Mungu (Mengo)

Masihi, maana yake mpakwa mafuta, ni mfalme wa ukoo wa Daudi aliyetabiriwa na manabii wa Israeli. Wakristo hufundisha kwamba ahadi aliyopewa Daudi (2 Samweli 7) imetimia kwa Yesu: ufalme wake umekwisha kuanza, ila utakamilika atakaporudi.

Huko Mengo, makao ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, fundisho hilo lilipata uzito wa pekee. Biblia ya Kiganda, iliyotafsiriwa kwa sehemu kubwa na George Pilkington na kukamilika mwaka 1896, inauita ufalme wa Mungu kwa neno lilelile la dola ya Buganda: Obwakabaka. Msikilizaji hakuhitaji kuelezwa mfalme ni nani. Hata leo, kwenye mzunguko wa barabara iendayo Lubiri, jumba la Kabaka, njia ya katikati ni ya Kabaka peke yake. Wengine wote huzunguka.

Hata kabla ya Biblia hiyo kukamilika, kumkiri Mfalme aliye juu ya Kabaka kulikuwa hatari. Tarehe 3 Juni 1886, enzi ya Kabaka Mwanga II, Wakristo wengi walichomwa moto Namugongo. Hawakutaka kupindua kiti chake; waliungoja ufalme usio wa dunia hii, na hicho ndicho kiini cha fundisho lenyewe. Mwanga naye alibatizwa uhamishoni Ushelisheli kwa jina la Danieri, akafa huko mwaka 1903.